Kwa nini mpiga kura wa Zanzibar amechoka na vyama

Tarehe 18 Machi 2019 Mahakama Kuu ilitoa hukumu iliyomwacha Profesa Ibrahim Lipumba na uenyekiti wa CUF, chama kikuu cha upinzani Zanzibar wakati huo. Siku hiyo hiyo Maalim Seif Sharif Hamad, kinara wa CUF visiwani, akatangaza kuwa yeye na wenzake wanahamia chama kingine cha upinzani, ACT-Wazalendo. Haukupita muda, matawi ya CUF Unguja na Pemba yakaanza kupakwa rangi ya zambarau ya ACT. Bendera zilizopepea kwa zaidi ya robo karne zikateremshwa, mpya zikapanda, na kauli ikawa moja kila maskani: shusha tanga, pandisha tanga, safari iendelee.

Wengi wa nje walishangaa. CUF ndicho chama kilichochukua majimbo yote 21 ya Pemba mwaka 1995. Kwa ajili yake watu walikufa, walifungwa, waliikimbia nchi. Ikiwa ushabiki wa vyama hapa kwetu ni mkali kiasi cha watu kususiana hata maziko, imekuwaje ukahama pamoja na watu wake kwa muda mfupi namna ile? Jamaa zangu wa bara huniuliza swali hili, na naamini jibu lake ndilo linaloeleza pia jambo la pili linalosikika sana barazani siku hizi: kwamba watu wamevichoka vyama.

Tuanze na sheria, kwani mengi yanayodhaniwa kuwa ni hulka ya Wazanzibari yametokana nayo. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992, Sheria ya Vyama vya Siasa Namba 5 ya mwaka huo ilitaka chama kinachoomba usajili wa kudumu kiwe na wanachama wasiopungua 200 katika kila mkoa, kwa mikoa isiyopungua kumi ya Jamhuri ya Muungano, na ndani ya hiyo kumi iwemo miwili ya Zanzibar, mmoja Unguja na mmoja Pemba. Zanzibar nzima ina mikoa mitano. Hata wakae Wazanzibari wote wakubaliane juu ya chama kimoja, chama hicho hakisajiliki.

Ndiyo maana wanamageuzi wa Zanzibar, waliokuwa chini ya kamati ya KAMAHURU, waliungana na Chama cha Wananchi cha James Mapalala wa bara, na CUF ikazaliwa kutokana na muungano huo. Mtu wa Wete au Mtambwe aliingia humo akijua kuwa amepanda chombo cha kumfikisha anakokwenda. Nahodha alipoambiwa chombo si chake, abiria wakashuka naye na kupanda kingine. Mapenzi yao yalikuwa kwa safari yenyewe, yaani madai ya Zanzibar yenye mamlaka yake na uchaguzi unaoheshimiwa, na kwa mtu waliyemwamini kuibeba. Jina la chama lilikuja baadaye kabisa.

Upande wa CCM hali haiko mbali na hiyo, ingawa haisemwi kwa sauti. ASP, chama kilichotawala baada ya Mapinduzi, kilivunjwa tarehe 5 Februari 1977 kikaungana na TANU, chama tawala cha bara, ikazaliwa CCM. Tangu hapo mgombea urais wa Zanzibar kwa tiketi ya CCM huteuliwa na Halmashauri Kuu ya Taifa, kikao chenye wajumbe wengi zaidi kutoka bara. Mwaka 2000 wanachama wa Zanzibar waliyaona matokeo yake waziwazi. Dk. Mohamed Gharib Bilal aliongoza katika kura za vikao vya Zanzibar, lakini jina lililorudi kutoka Dodoma lilikuwa la Amani Abeid Karume. Nimewasikia wazee wa CCM wa Unguja wakilikumbuka jambo hilo kwa uchungu ule ule ambao watu wa upinzani huutumia kuisema Tume ya Uchaguzi. Wote wawili wanalalamikia kitu kimoja: tumesema, na kauli yetu haikuwa ya mwisho.

Sasa, kama chama ni chombo tu, ule ukali umetoka wapi? Umetoka kwenye kile ambacho wazee wetu wanakiita zama za siasa, miaka ya 1957 mpaka 1963. Hizbu, yaani ZNP, ilianzishwa mwaka 1955, ASP mwaka 1957, na ZPPP ya Mohamed Shamte mwaka 1959. Kila chama kilikuwa na chimbuko lake katika jamii: asili ya watu, kazi zao, na kisiwa chao. Wakulima waliokaa kwenye mashamba ya watu walifukuzwa kwa sababu ya chama walichokipigia kura. Wengine wakajibu kwa kuyasusia maduka. Mabasi yakagawika, na maziko yakagawika.

Na kura zenyewe zilikuwa zinakaribiana mno. Katika uchaguzi wa Januari 1961 kiti cha Chake Chake kiliamuliwa kwa kura moja. ASP ilipata viti 10, ZNP 9, ZPPP 3. Wale watatu wa ZPPP wakagawika, wawili huku na mmoja kule, ikawa 11 kwa 11, na uchaguzi ukarudiwa Juni. Machafuko ya Juni yaliua watu 68. Mwaka 1963 ASP ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote lakini viti 13 tu kati ya 31, na serikali ikaundwa na ZNP na ZPPP. Uhuru ulikuja tarehe 10 Disemba 1963, na Mapinduzi yakafuata tarehe 12 Januari 1964.

Nimeyataja haya kwa kirefu kwa sababu ndiyo yanayomfanya mtu wa Makunduchi au Donge aichukulie kura ya CCM kama dhamana. Kwake yeye, Mapinduzi yalimpa babu yake eka tatu za ardhi na yakampa baba yake skuli ya bure. Akisikia upinzani unakaribia kushinda, hofu anayoihisi ni ya kunyang'anywa. Na ndiyo yanayomfanya mtu wa Pemba aone kuwa kisiwa chake kiliadhibiwa kwa jinsi kilivyopiga kura zamani na bado kinaadhibiwa. Hakuna kati yao aliyesoma ilani ya chama akalinganisha sera za afya na za karafuu. Chama kwao ni ukoo na kumbukumbu, na zaidi ya hapo ni kinga.

Kwa hiyo mwaka 1995, wa uchaguzi wa kwanza baada ya vyama vingi kurudi, haukuleta siasa mpya. Ulizirudisha zile za zamani. Dk. Salmin Amour wa CCM alitangazwa mshindi wa urais wa Zanzibar kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Maalim Seif. Baada ya hapo Pemba ikaingia kwenye kususiana. Aliyejulikana kuwa ni CCM aliingia dukani asiuziwe, akifiwa asizikiwe, na zipo ndoa zilizovunjika. Upande wa pili nao walikuwa na silaha zao: kazi ya serikali, uhamisho, nyumba ya kubomolewa. Sisemi mizani ilikuwa sawa, maana mwenye dola ana mkono mrefu zaidi. Lakini mtoto aliyekulia katika hali ile, wa upande wowote, alijifunza kuwa chama cha baba yake ndicho kinachoamua nani atamsalimia njiani.

Katika ukoo wetu kule Wete yuko bi mkubwa mmoja, mwalimu mstaafu, anayehifadhi makaratasi yake katika mfuko wa nailoni juu ya kabati. Ndani mna kadi ya CCM ya zama za chama kimoja, aliyoichukua kwa sababu bila hiyo kazi ya ualimu ilikuwa ngumu kuipata. Mna kadi ya CUF, iliyokwisha rangi pembeni. Mna ya ACT, ambayo haijakunjwa hata mara moja. Pamoja nazo kipo kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi na kadi ya mpiga kura, hizi zimefungwa kwa mpira peke yake. Zamani, tangu vituo vikifungwa mpaka mshindi atangazwe, redio ya bi mkubwa huyu ilikuwa haizimwi, na mtu akikohoa wakati wa matokeo anatolewa nje. Oktoba 2025 alikwenda kupiga kura kwa kuwa wanawe walimpeleka. Matokeo hakuyangoja. Ukimuuliza sababu anajibu kuwa anayajua.

Jibu lake hilo, kwamba anayajua, ndilo linalonifanya nisikubali maelezo mepesi kuwa watu wamechoka kwa uvivu au kwa kuwa vijana wanapenda simu kuliko siasa. Watu wamechoka kwa hoja. Angalia walichokiona.

Tarehe 26 na 27 Januari 2001 watu waliandamana kupinga matokeo ya uchaguzi wa mwaka 2000. Zaidi ya watu 30 waliuawa, wengi wao Pemba, na mamia kwa mamia wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya. Kwa mara ya kwanza Tanzania ikawa nchi inayotoa wakimbizi. Oktoba mwaka ule ukasainiwa Muafaka wa pili, yaani makubaliano ya CCM na CUF, baada ya ule wa 1999 kutotekelezwa. Uchaguzi wa 2005 ukaja na malalamiko yale yale.

Halafu tarehe 25 Oktoba 2015. Mpiga kura wa Zanzibar aliingia kwenye kituo kimoja, siku moja, akapiga kura ya Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani, na akapiga pia kura ya Rais wa Muungano na mbunge. Tarehe 28 Oktoba Mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar, Jecha Salim Jecha, alitangaza kuufuta uchaguzi wa Zanzibar wote. Kura za Muungano zilizopigwa mahali pale pale na watu wale wale zilihesabiwa kuwa sahihi, na siku iliyofuata Dk. John Magufuli akatangazwa mshindi. Marudio ya tarehe 20 Machi 2016 CUF iliyasusia, na Dk. Ali Mohamed Shein wa CCM akatangazwa kwa asilimia 91.4. Mimi sijaona jambo lililomvunja moyo mpiga kura wa visiwani kuliko hili. Kushindwa watu wanakuzoea, hata kwa tofauti ya nukta chache. Kuambiwa kuwa siku ile haikuwepo ni jambo jingine kabisa.

Sehemu ya pili ya uchovu huu ni ngumu zaidi kuieleza, kwa sababu imetokana na jambo jema. Novemba 2009 Amani Karume, Rais wa Zanzibar wakati huo, na Maalim Seif walikaa wakapatana, na tarehe 31 Julai 2010 asilimia 66.4 ya waliopiga kura ya maoni wakaikubali Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Katiba ya Zanzibar ya 1984 ikafanyiwa marekebisho ya kumi: chama kinachoshika nafasi ya pili kinatoa Makamu wa Kwanza wa Rais, na mawaziri wanagawanywa. Uchaguzi wa Oktoba 2010 ulikuwa wa karibu sana, Shein asilimia 50.1 na Seif 49.1, lakini ulipita bila damu. Watu waliokuwa hawasalimiani walialikana harusini. Mtu asiyeishi hapa hawezi kujua thamani ya amani ile, nami sitamuunga mkono yeyote anayeidharau.

Lakini umoja ule ulikuwa na gharama yake, na iliyolipwa ni maana ya kura. Fikiria umepiga kura ya kuiondoa serikali. Mgombea wako anashika nafasi ya pili, kisha anaapishwa kuwa Makamu wa Kwanza, mshauri wa yule uliyetaka aondoke. Mwakilishi wako jana alikuwa anauliza kwa ukali katika Baraza la Wawakilishi, leo chama chake kina mawaziri na anapunguza sauti. Na Makamu wa Kwanza mwenyewe hana mamlaka mengi ya kuonyesha. Kiongozi wa shughuli za serikali Barazani ni Makamu wa Pili, anayetoka chama cha Rais. Upande wa CCM nako wapo wanaouliza kwa hasira: sisi tumeshinda, kwa nini tugawane? Utaratibu uliokusudiwa kuwapatanisha watu ukawaacha wafuasi wa pande zote mbili wakihisi kuwa kura yao imetumika kuwapa viongozi vyeo.

Mwaka 2016 hakuna chama cha upinzani kilichofika asilimia 10 ya kura za urais inayotakiwa, na nafasi ya Makamu wa Kwanza ikabaki tupu. Mwaka 2020 Dk. Hussein Mwinyi wa CCM alitangazwa kwa asilimia 76 na Maalim Seif akapewa chini ya 20, mtu yule yule ambaye miaka kumi kabla alipata 49. Wafuasi wake hawakuyaamini matokeo yale hata kidogo. Hata hivyo mwezi Disemba Maalim alikubali kuingia serikalini akiwa Makamu wa Kwanza, akafariki tarehe 17 Februari 2021, na Othman Masoud Othman akachukua nafasi yake. Walioelewa uamuzi wa Maalim walisema ameokoa amani. Wasioelewa waliuliza waliopigwa na kufungwa walipigwa kwa ajili ya nini. Mazungumzo hayo nimeyasikia ndani ya nyumba moja, kati ya ndugu wa tumbo moja.

Wengine hufikiri mpiga kura aliyechoka atahama chama, akichoshwa na huyu amjaribu yule. Huko ambako chama ni sera, labda. Kwetu, kuhama chama ni kuihama familia, na katika shehia ndogo, ngazi ya chini kabisa ya utawala huku kwetu, ni kujulikana na kila mtu kabla ya adhana ya magharibi. Kwa hiyo aliyechoka hahami. Ananyamaza. Anabaki na kadi, anavaa fulana akipewa, anakwenda mkutanoni kwa sababu gari limekuja kumchukua, lakini moyoni hayumo. Au hajiandikishi. Ukitazama mkutano kutoka jukwaani huwezi kumtofautisha huyu na mwenye imani, na nadhani ndiyo maana viongozi wa vyama vyote wanaendelea kujidanganya kwa wingi wa watu uwanjani.

Kujiandikisha kwenyewe kuna mlango mwembamba. Bila kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi huandikishwi kuwa mpiga kura, na njia ya kukipata inapita kwa sheha, ambaye ndiye anayethibitisha kuwa wewe ni mkaazi wa shehia yake. Sheha hachaguliwi. Anateuliwa na Mkuu wa Mkoa, naye Mkuu wa Mkoa anateuliwa na Rais. Bara, mwenyekiti wa kijiji au wa mtaa anapigiwa kura na majirani zake. Huku kwetu kiongozi wa karibu kabisa na mlango wa mtu, anayejua nani kazaliwa na nani kafa, ni mtu ambaye mwananchi hana kauli naye. Malalamiko ya watu kuzungushwa kwa sababu sheha anajua chama chao yamekuwepo katika kila uandikishaji ninaoukumbuka. Kwa maoni yangu hapa ndipo uchovu unapoanzia. Mtu hajawahi kumwondoa kiongozi mbaya kwa kura yake hata katika shehia, kisha anaambiwa aamini kuwa ataweza Ikulu.

Aliyechoka na vyama vyote akitaka kusimama mwenyewe, au kumpigia mtu asiye na chama, sheria haimruhusu. Mgombea lazima awe mwanachama wa chama na apendekezwe na chama. Mchungaji Christopher Mtikila alilipinga sharti hili mahakamani tangu miaka ya 1990. Mahakama Kuu ikamkubalia zaidi ya mara moja, Mahakama ya Rufani ikasema mwaka 2010 kuwa hilo ni la Bunge, na tarehe 14 Juni 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, inayokaa Arusha, ikaamua kuwa katazo hilo linavunja haki za raia. Chaguzi za 2015, 2020 na 2025 zote zimefanyika bila mgombea binafsi hata mmoja.

Na ukishachaguliwa kupitia chama, kiti si chako wala si cha waliokuchagua. Agosti 2013 CCM ilimvua uanachama Mansour Yussuf Himid, mwakilishi wa Kiembesamaki, aliyekuwa akitetea hadharani Zanzibar yenye mamlaka zaidi wakati wa mchakato wa Katiba mpya. Uwakilishi wake ukaondoka na kadi yake, na Februari 2014 watu wa Kiembesamaki wakarudishwa vituoni. Hawakuulizwa kama mtu wao amewakosea. CUF nayo ilifanya vivyo hivyo Januari 2012 ilipomfukuza Hamad Rashid Mohamed, mbunge wa Wawi, ambaye alibaki na kiti chake kwa kukimbilia mahakamani. Vyama viwili vinavyopingana kwa kila kitu vilikubaliana hapo: mwakilishi ni wa chama kwanza.

Ninaposikia viongozi wakihimiza vijana wasikate tamaa, wajitokeze, wajiunge, huwa natamani wajibu kwanza maswali haya matatu. Kwa nini sheha asipigiwe kura na watu wa shehia yake? Kwa nini Wazanzibari wasiruhusiwe kusajili chama kinachogombea Zanzibar peke yake, kwa nafasi za Zanzibar peke yake? Kwa nini jimbo lisiwe na haki ya kumweka mtu wake hata akifukuzwa chamani? Hakuna kati ya hayo linalohitaji chama fulani kishinde au kishindwe. Yanahitaji sheria kubadilishwa, na wanaoweza kuzibadilisha ni wale wale wanaonufaika nazo zilivyo, wa pande zote.

Kwa sasa, kijana wa Micheweni anayetaka kugombea udiwani kwa sababu bomba la kijiji halitoi maji, na hana ugomvi na mtu, hatua yake ya kwanza ni kwenda tawini kuchukua kadi. Jioni hiyo hiyo nusu ya kijiji itakuwa imeshaamua kutompigia.